Rangi tulivu za mandhari zinakusumbua? Tafuta dalili yako hapa

Wakuu, hii nimeipanga kwa dalili kwa sababu malalamiko ya watu wanaochora mandhari kwa rangi za pasteli zilizotulia yanajirudia yaleyale. Naongelea zile pinki za udongo, kijani cha majani yanayoanza kukauka, bluu ya mlima wa mbali, krimu ya mchanga. Tafuta dalili yako, anza na sababu ya kwanza maana ndiyo inawakamata wengi, ikishindikana ndio ushuke chini. Mifano ni ya akriliki zaidi kwa sababu ndiyo wengi wetu tunatumia, rangi za mafuta nitazitaja pale mambo yanapotofautiana.

Mshukiwa anayejirudia humu ni tyubu ya nyeupe, nawaambia mapema. Na kipimo cha kwanza ni kupiga picha kazi yako kwa simu halafu kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe, haina gharama na inamaliza ubishi mwingi kabla hujagusa brashi.

Kama ndio unaanza na bado hujanunua kitu, usibebe ile seti ya tyubu ishirini na nne. Chukua nyeupe ya titani (kwenye tyubu imeandikwa PW6), oka ya manjano (PY43), siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu (PBr7), bluu ya ultramarini (PB29) na nyekundu moja inayokaa juani bila kufifia. Tano tu. Ultramarini na siena iliyochomwa peke yake zinakupa kijivu cha kila aina, cha baridi ukizidisha bluu na cha joto ukizidisha siena, na kijivu ndiyo injini ya rangi hizi zote. Mchoraji Msweden Anders Zorn anajulikana kwa palati (yaani mkusanyiko wa rangi) ya rangi nne, nyeupe, oka, nyekundu na nyeusi, halafu hiyo nyeusi ikichanganywa na nyeupe inafanya kazi ya bluu. Kwa hiyo uchache wa tyubu haujawahi kuwa tatizo la mtu.

Picha imepauka yote

Hii ndiyo inaongoza kwa mbali. Ukiangalia karibu rangi zipo, pinki ipo, bluu ipo, ukirudi hatua tatu nyuma unaona kitu kimepauka kama mguu uliotoka kuoga haujapakwa mafuta.

Sababu ya kwanza: unaongeza mwanga kwa nyeupe peke yake. Nyeupe ya titani inafunika sana na ina ubaridi, kwa hiyo kila ukiiongeza inafanya mambo matatu kwa mpigo, rangi inakuwa nyepesi, inapungua kukolea, na inasogea upande wa baridi, wakati wewe ulitaka lile la kwanza tu. Chukua mchanga wa ufukweni Bagamoyo saa kumi jioni, ni mwepesi kabisa lakini una joto, sasa ukichukua kahawia ukaijaza nyeupe mpaka ifike ule mwanga unaishia na rangi ya plasta ya ukuta. Dawa yake ni kutengeneza nyeupe ya kazi kabla hujaanza: fungu kubwa la nyeupe lenye oka kidogo sana ndani, kiasi kwamba mtu asiyejua ataiita nyeupe. Hiyo ndiyo utumie kwa kila kitu kilichopigwa na jua. Nyeupe tupu ya kwenye tyubu ifunike, utaihitaji mwishoni sehemu mbili tatu, tanga la ngalawa labda au ukingo wa wingu. Kwenye vivuli usitumie hiyo nyeupe ya oka, huko acha ubaridi ubaki.

Sababu ya pili ni turubai jeupe, na hii watu hawaishuku kabisa. Ukiweka rangi ya kati juu ya weupe mtupu inaonekana nyeusi, unaogopa, unaongeza nyeupe, unaweka ya pili nayo inaonekana nzito, unaongeza tena, na siku turubai lote likifunikwa ndio unagundua kila kitu umekipandisha juu kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo paka kwanza turubai zima siena iliyotiwa maji mengi, liwe rangi ya chai ya maziwa hivi, liache likauke, ndio uanze. Hata hadibodi au marikani uliyoiwamba mwenyewe ifanyie hivyohivyo.

Sababu ya tatu ni rangi yenyewe. Wengi tunaokoa hela kwa kutumia emulsheni ya ukutani kama nyeupe, na sina ugomvi na hilo kwenye mazoezi, ila elewa kwamba emulsheni nyingi za bei ya chini zimejazwa unga wa chokaa, na huo unga unaipausha kila rangi unayoichanganya nayo. Jaribu hivi: changanya ultramarini na emulsheni kwenye kipande, ultramarini na titani ya akriliki kwenye kipande kingine, acha vikauke uvilinganishe. Ukiona tofauti, emulsheni ibaki kuwa ya kupakia turubai tu.

Sababu ya nne, mara chache, ni kukosa mng'ao. Akriliki ikikauka bila kung'aa rangi za giza zinaonekana za vumbi. Pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo juu ya sehemu iliyokauka kabisa, kama rangi inafufuka ukiwa na unyevu na kufa ukikauka basi picha yako haina kosa, inadai vanishi. Kwa waliotumia rangi za mafuta hii inatokea kwa mabaka, sehemu moja inang'aa na ya jirani imezama, hiyo ni kwa sababu turubai limenyonya mafuta. Usiikimbilie na vanishi kabla picha haijakauka vizuri, na picha nene ya mafuta inataka miezi, wala sio wiki.

Kila nikichanganya napata tope

Kwanza maji. Kopo la maji likishakuwa la kijivu kila brashi inabeba hicho kijivu kwenda kwenye mchanganyiko unaofuata. Makopo mawili, moja la kuosha na moja la kusuuza, inaonekana ya kitoto lakini nusu ya tope inaisha hapo.

Pili, umechanganya vitu vingi. Ukisoma nyuma ya tyubu utakuta baadhi ya rangi, hasa zile zenye majina matamu ya maua na matunda, ndani zina pigmenti (unga unaotoa rangi) mbili au tatu tayari. Changanya tyubu mbili za hivyo na kumbe umechanganya pigmenti hata sita. Kaa na tyubu zenye kodi moja ya pigmenti (zile herufi na namba kama PW6), na kila mchanganyiko usizidi rangi mbili na nyeupe.

Tatu, unatuliza rangi kwa kiasi sawa cha rangi pinzani. Kijani nusu na nyekundu nusu hakuna kitakachobaki hai. Unataka kijani bado kitawale, nyekundu iingie kwa ncha ya kisu, koroga, angalia, ongeza tena kama haitoshi. Rangi tulivu bado inajulikana ni rangi gani: ukimuuliza mtu "hii ni nini" aseme kijani, hata kama atasita kidogo. Akisema "sijui" umepitiliza, na usijaribu kuiokoa kwa kuongeza zaidi maana utamaliza tyubu, kwangua hilo fungu weka pembeni. Litakufaa kwenye vivuli.

Nne, unasugua sana juu ya turubai. Akriliki Dar au Mombasa kwenye joto inaanza kushika ndani ya dakika chache, sasa wewe ukirudi na brashi kwenye kitu kilichoshika nusu unakivuruga. Weka kiharusi cha brashi, kiache. Rangi kwenye palati zibaki mbichi kwa kutumia sinia lenye tishu zilizolowana na juu yake karatasi ya kuokea, unachanganyia juu ya hiyo karatasi, na chupa ya kupulizia maji iwe karibu.

Mlima hauendi mbali

Kwa rangi kali ukikosea unajua, kwa rangi tulivu picha inakuwa bapa na huelewi kwa nini, kila rangi ni nzuri peke yake lakini mlima umekaa juu ya nyumba, nyumba imekaa juu ya mti, vyote vimebandikwa kwenye ukuta mmoja.

Hapa ndipo ile picha ya nyeusi na nyeupe inapofanya kazi. Kama simu inakuonyesha kijivu kimoja kutoka juu mpaka chini, umechagua rangi tofauti zenye mwanga uleule, na kuhangaika kutafuta pinki nyingine ni kupoteza muda, shida ni giza na mwanga. Mimi naziandikia namba, 1 nyeusi tii, 10 nyeupe. Kwa mandhari yenye ukungu au vumbi: vitu vya karibu viruhusu kushuka mpaka 3, miti ya katikati isishuke chini ya 5, milima ya mbali iwe 7 au 8, anga 9. Sio sheria, ila ukianzia hapo angalau kuna ngazi. Mtu anaona aibu kuweka giza la 3 kwenye picha ya pasteli akidhani ataiharibu, kumbe bila hilo giza dogo hizo rangi laini hazina cha kulinganishwa nacho. Mtaliano Giorgio Morandi (1890–1964), anayejulikana zaidi kwa chupa na vikombe vyake lakini alichora mandhari pia, palati yake ni ya vumbi tupu na bado ukiigeuza picha yake nyeusi na nyeupe unaona maumbo yamesimama.

Sababu ya pili ni kudhani umbali ni kuongeza nyeupe. Hewa iliyo kati yako na mlima inatawanya zaidi mwanga wa bluu, kwa hiyo giza la mbali linageuka bluu na kupanda mwanga. Lakini kitu cheupe cha mbali kinaenda kinyume, kinapungua weupe na kupata joto kidogo. Ndiyo maana barafu ya Kilimanjaro (mita 5,895 huko juu) ukiipaka nyeupe ya tyubu wakati unaichora kutoka Moshi inaruka mbele ya migomba. Itie oka kidogo na chembe ya nyekundu, iwe nyepesi kuliko anga lililo nyuma yake lakini isiwe nyeupe kuliko shati la mtu aliyesimama barabarani.

Na kingine cha mlima ambacho picha nyingi zinakosea: ukungu na vumbi ni vizito zaidi chini karibu na ardhi, kwa hiyo mara nyingi miguu ya mlima ni myepesi kuliko kifua chake. Watu wanafanya kinyume, chini wanapaka giza kwa sababu wanajua kuna msitu. Ndiyo, msitu upo, lakini asubuhi ya vumbi huuoni, unaona hewa. Chora hewa.

Sababu ya tatu kingo. Vitu vya mbali visiwe na mstari mkali, lainisha ukingo kwa brashi kavu kabla rangi haijashika.

Kijani kinapiga kelele

Mtu anachora mashamba ya chai ya Mufindi au Limuru, kila kitu kimetulia halafu katikati kuna kijani kama jezi ya mpira (chai yenyewe ni kali kweli, nakubali, lakini turubai sio shamba). Karibu kila mara ni kijani cha tyubu, hasa kijani cha falo, PG7, ambacho kina nguvu ya ajabu, tone moja linameza palati. Kiweke kabatini. Changanya kijani chako kwa oka na ultramarini, kitatoka kimetulia chenyewe, au oka na nyeusi, ndiyo, nyeusi, inatoa kijani cha zeituni ambacho kwa nyasi za Julai na miti ya nyikani kiko sawa kabisa. Kikiwa bado kikali, ncha ya siena.

Kama tayari umeshapaka na hutaki kurudia, subiri ikauke kabisa, kisha pitisha juu yake siena iliyotiwa maji mengi au midiamu (kimiminika cha kulegezea akriliki), tabaka jembamba linaloonyesha kilicho chini. Inatuliza bila kufuta kazi yako.

Rangi niliyochanganya ni kijivu, nikiiweka inakuwa zambarau

Hujakosea kuchanganya. Mkemia Mfaransa Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, aliletewa lawama kwamba nyuzi nyeusi hazikolei, akachunguza akakuta nyuzi hazina kasoro, zinaharibiwa na rangi zilizowekwa jirani. Kitabu chake kilitoka 1839. Kijivu ukikizungushia manjano ya nyasi kavu macho yanakiona kimeegemea zambarau, ukikizungushia kijani kinaegemea wekundu. Kwa hiyo jaribu rangi kwenye kipande cha plastiki angavu, kiweke juu ya picha mahali penyewe, ndio uamue. Ikigeuka, isogeze kidogo upande wa rangi ya jirani yake.

Usiku ilikuwa safi, asubuhi ni picha nyingine

Kwanza akriliki inakauka ikiwa na giza zaidi ya ilivyokuwa mbichi, maana gundi yake mbichi ni ya maziwa na ikikauka inakuwa angavu. Kwenye rangi za pasteli hiyo tofauti ndogo inaonekana sana. Kila mchanganyiko mkubwa paka kidogo kwenye karatasi, kausha kwa pumzi au feni, linganisha.

Pili taa. Balbu ya manjano inakudanganya, unaona kila kitu kina joto unaongeza bluu, asubuhi picha imeganda. Tafuta taa ya LED ya karibu 5000K (mwanga mweupe, sio wa manjano), na kama boksi limeandikwa CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, iwe 90 kwenda juu. Taa iangaze picha na palati vyote viwili, sio palati gizani na picha mwangani.

Tatu macho, na hapa naomba usome taratibu. Kama unachora mchana, kwenye mwanga mzuri, na watu watatu tofauti wanakuambia picha zako za siku hizi zimekuwa za manjano au za wekundu wakati wewe unaona ziko sawa, au bluu na zambarau umeanza kuzichanganya, au mwanga umekuwa na ukungu, acha kubadilisha tyubu. Nenda kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho anachuja rangi polepole mpaka mwenyewe hujui. Mchoraji Mfaransa Claude Monet aliambiwa anao mwaka 1912, akakawia mpaka 1923 ndio akafanyiwa upasuaji, na katikati hapo alifikia kupanga tyubu kwa kusoma lebo. Na mabadiliko ya ghafla kwenye jicho, kivuli kama pazia, mimweko ya mwanga, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Kuna pia wanaozaliwa hawatofautishi nyekundu na kijani vizuri, wanaume zaidi, hao wanaweza kuchora kabisa ila wapange tyubu kwa kodi na wategemee giza na mwanga zaidi.

Kama inabadilika ukiipiga picha tu ya kuposti, ni simu inaongeza ukolezi yenyewe. Piga kivulini, karibu na dirisha, zima mapambo ya kamera, basi.

Imefifia, ina madoa, au inabanduka baada ya muda

Pinki na zambarau zikififia kwanza, sababu kubwa ni pigmenti isiyostahimili jua, na ile nyekundu ya zamani ya alizarini, PR83, ni maarufu kwa hilo. Ubaya wa pasteli ni kwamba pigmenti kidogo iliyo ndani ya nyeupe nyingi inafifia haraka kuliko ikiwa nzito, kwa hiyo tyubu ambayo kwa mwingine ingevumilia kwako haitavumilia. Angalia daraja la ustahimilivu wa mwanga kwenye tyubu, kwa kipimo cha ASTM (shirika la viwango la Marekani) chukua I au II. Na usitundike mbele ya dirisha la magharibi. Iliyofifia hairudi, kuichora juu ni kuanza upya.

Kubanduka kunatokana mara nyingi na kupaka akriliki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, haishiki. Wanaorithi hadibodi za zamani zilizopakwa inameli (nayo ni rangi ya mafuta inayong'aa), ule mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli, wakiamua kupaka pasteli ya akriliki juu yake, inatoka kwa vipande. Tafuta ubao mwingine, na hiyo ya zamani iache, inaweza kuwa na thamani kuliko unayotaka kuchora.

Madoa meusi au ya kijivu yenye manyoya nyuma ya turubai ni ukungu, pwani ni kawaida kwa picha iliyoegemezwa ukutani bila nafasi. Yako mwenyewe, mpya: itoe nje kivulini penye upepo, ikauke, vaa barakoa, pangusa nyuma kwa brashi laini kavu, halafu itundike ikiwa na nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani. Usipake jiki. Ikiwa ni ya familia, ya zamani, ya mteja, au rangi inainuka ukigusa, usipanguse chochote, ilaze chali, usiweke kitu juu, piga picha zake na utafute mhifadhi wa kazi za sanaa, ulizia makumbusho ya taifa watakuelekeza. Fundi wa fremu sio mhifadhi.

Na kwa wanaotumia thina au kusugua pasteli za vijiti: dirisha wazi, usipulize vumbi kwa mdomo, lifute kwa kitambaa chenye unyevu, usipige msasa rangi yenye kadimiamu au risasi. Kichwa kikiuma, kizunguzungu au kifua kubana, toka nje kwanza, na kikiendelea kubana ukiwa hewani nenda kituo cha afya na ile kopo au tyubu mkononi ili waone ulichokivuta.